Sauti ya TV moja isikike nyumba nzima, jikoni mpaka barazani

Kwetu Ngamiani, Tanga, mechi ikianza mama yuko jikoni, wageni wako barazani, na wote wanataka kusikia. Nilianza na spika za bluetooth lakini zinachelewa, sebuleni washashangilia goli, jikoni ndo kwanza mpira uko kati. Tumia waya tu.

Nyuma ya TV tafuta tundu dogo la mraba limeandikwa OPTICAL, TV ikiwaka utaona mwanga mwekundu ndani. Chomeka waya wake uende kwenye kile kiboksi kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya kawaida, halafu pini nyekundu na nyeupe ziingie kwenye amplifaya. Kisha nenda setingi za sauti kwenye TV uweke PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa), hapa ndo wengi wanakwama jamani, ukiacha Dolby (sauti iliyobanwa) viboksi vingi vinakaa kimya au vinakwaruza tu.

Spika sasa, hapa tulia. Mbili za om 8 (om ni kipimo cha ukinzani wa umeme, zikipungua amplifaya inabeba mzigo zaidi) ukiziunga sambamba kwenye chaneli moja zinakuwa om 4, nne zinakuwa om 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hapo zinachemka mpaka zinaungua, kwa hiyo soma kwanza nyuma yake inabeba om ngapi. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ukigeuza moja besi inapotea.

Waya wa barazani uwe wa shaba, na ncha zake uzikague mara kwa mara maana chumvi ya bahari huku inazila zinakuwa kijani, kwangua mpaka shaba ing'ae ndo ufunge tena.