Using'oe majani ya bahari ili upande mwani

Siku za bamvua, maji yakitoka Paje, Jambiani au Chwaka, huko Zanzibar, utawaona akina mama wameinama wakisafisha viwanja vipya vya mwani. Wanang'oa majani ya bahari mpaka mchanga unabaki mweupe. Kazi hiyo inaumiza mgongo, na kwangu mimi ni hasara tupu.

Majani ya bahari si mwani. Mwani hauna mizizi. Majani yana mizizi, yana shina linalotambaa chini ya mchanga kama tangawizi, na maua yanatoa. Fukua shina moja taratibu kwa vidole uone lilivyoushika mchanga. Kisha pitisha kidole juu ya jani lililozeeka. Ule utelezi unaousikia ndio chakula chenyewe. Konokono na kamba wadogo hula hapo, changu wachanga huwafuata, na samaki aitwaye tafi hula utelezi pamoja na jani. Changu akishakua huhamia miambani, kwa hiyo hata mvuvi asiyetega dema, yaani mtego wa kusukwa, majanini anavua samaki aliyelelewa majanini.

Mkulima ataniambia, "Lakini tafi wananilia mwani wangu." Kweli wanaula, na uchungu wake naujua. Ila ukiyang'oa majani, malisho yanayobaki hapo ni mwani wako peke yake. Afadhali uzungumze na mvuvi wa kijijini atege dema kandokando ya shamba, lenye matundu mapana ili wadogo watoke.

Ukitafuta kiwanja, anza na mchanga mtupu. Ukikosa, pigilia vigingi katikati ya majani bila kung'oa, na usisonganishe kamba za mwani, kwa sababu majani huishi kwa jua na mwani uliosongamana huyatia kivuli. Pita njia ileile moja kila siku. Ukishavuna, kipumzishe kiwanja, na tai-tai (vile vikamba vya kufungia mwani) zilizokatika uziokote. Wenye chombo na wanaojua kuogelea wanaweza kulima maji ya kina kwa kamba za kuelea; huko hakuna cha kung'oa.

Wavuvi nao wana sehemu yao. Juya la kukokota, yaani wavu unaoburutwa, limepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na haki yake, maana linasomba majani na vitoto vya samaki pamoja. Jingine linalosahaulika ni samaki aitwaye kikande. Huyu ndiye anayekula shefa, yule mnyama wa baharini mwenye miiba. Akivuliwa mno, shefa huongezeka na kuyala majani mpaka shina. Pwani ya Kenya, pande za Diani, yametokea hayo, na majani yale yenye shina gumu huchukua miaka kurudi. Ukinasa kikande mchanga, mrudishe majini akiwa hai.

Bamvua ijayo, kabla hujapigilia kigingi cha kwanza, simama na jirani yako mpakani mwa viwanja vyenu. Pimeni hatua tano za majani, chomekeni vijiti pande zote mbili, mkubaliane kwamba hapo hagusi mtu.