Umeambiwa mtoto aanzishiwe AAC? Anza na ubao wa karatasi nyumbani

Wazazi wengi wakiambiwa kliniki kwamba mtoto aanzishiwe AAC wanarudi nyumbani na hofu, wanadhani ndo basi, hataongea tena. Sio hivyo kabisa. AAC (kifupi cha Kiingereza, Augmentative and Alternative Communication) ni njia zote za kumsaidia kuwasiliana mtu ambaye sauti yake haimtoshi, awe ana usonji, mtindio wa ubongo, au mtu mzima aliyepata kiharusi. Nyingine hazihitaji kifaa, yaani mikono, macho, kunyanyua nyusi kusema ndiyo. Nyingine zinahitaji kitu, kuanzia karatasi yenye picha mpaka tableti inayotoa sauti. Mtoto atumie zote kwa mpigo, usimzuie kuonyesha kwa kidole eti kwa sababu umeshanunua tableti.

Na ile hofu ya kwamba atazembea kuongea, mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti zilizokuwepo, na kwenye zile zenye ushahidi wa kuaminika hawakukuta hata mtu mmoja aliyepungua usemi, wengi waliongeza, japo wengine kidogo.

Haya, ubao, yaani karatasi yenye picha na maneno ambayo mtoto anagusa ili aseme. Chukua A4, gawa vyumba 12, kila chumba neno moja na picha yake, na hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanajaza ndizi, soda, katuni, gari, halafu mtoto anabaki wa kuombaomba tu hana kingine cha kusema. Hayo wataalamu wanayaita maneno ya pembeni, yapo na nafasi yake ila baadaye. Anza na maneno ya msingi, yale machache tunayorudia kutwa nzima tukiwa jikoni, sokoni, popote. Usinakili ubao wa Kiingereza neno kwa neno, sisi hatusemi "mimi" halafu "taka", kwa hiyo andika kama mnavyoongea nyumbani: NATAKA, SITAKI, NIPE, TENA, BADO, BASI, NJOO, TWENDE, NISAIDIE, INAUMA, NINI, WAPI. SITAKI na BASI zisikose jamani, mtoto asiye na njia ya kukataa atakataa kwa kung'ata na kujigaragaza.

Picha zipo bure ARASAAC, mradi wa Zaragoza kule Hispania, ilimradi huzifanyii biashara. Print ya rangi steshenari, piga laminesheni. Ukishapanga usihamishe chumba hata kimoja, ukiongeza maneno yaongeze pembeni, maana mkono wa mtoto unakariri mahali kabla jicho halijatafuta picha.

Sasa kazi kubwa, kumodeli, na inakuhusu wewe kabla ya mtoto. Unatumia ubao mwenyewe huku unaongea. Mnakunywa uji, kikombe kimeisha, unagusa TENA na kusema "tena? haya, uji tena", unamimina kidogo tu, halafu unanyamaza. Unamwangalia usoni, unahesabu moyoni mpaka kumi. Akitupa jicho kwenye ubao hilo ni jibu, mimina. Asipofanya kitu mimina tu, uji sio mtihani! Usimshike mkono kumgusisha picha, wala usimwambie "gusa nataka ndo nikupe". Mtoto anayeongea husikiliza maneno mwaka mzima kabla ya kutoa lake la kwanza, huyu naye apewe muda wa kuona.

Mwaka 1989 Janice Light, mtafiti wa AAC, aliandika kwamba anayetumia AAC anahitaji ujuzi wa aina nne, na mimi naona unasaidia sana kujua mtoto amekwama wapi. Wa lugha, kuelewa maneno na picha. Wa kuendesha kifaa, yaani kugusa, kufungua ukurasa. Wa kijamii, kumwita mtu, kusubiri zamu. Na wa mbinu, afanye nini asipoeleweka au neno likikosekana. Shule nyingi zinakazania miwili ya mwanzo, ila mtoto anaweza kujua picha zote na asiwahi kumwita mtu, kwa hiyo mfundisheni hata kukuvuta nguo.

Kama mkono haunyooki, mgusie wewe safu moja moja ukisoma kwa sauti, mkubaliane ishara ya ndiyo, jicho juu au mguno. Akikubali safu, soma maneno ya safu hiyo moja moja mpaka akusimamishe. Nenda taratibu, na neno alilochagua lisome kwa sauti ili ahakikishe ndilo.