Kuuweka mwaka 221 KK ukutani

Kwa mstari wa wakati wa darasa la Dodoma, unganisha manila tatu kwa urefu, kisha hesabu sentimita 1 kwa kila miaka 10. Kutoka 221 KK hadi 2025 BK ni miaka 2,245, yaani sentimita 224.5. Wanafunzi wengi huleta 2,246: wamejumlisha tu, wakasahau kwamba mwaka sifuri haukuwepo. Toa 1.

Kwenye 221 KK andika: China, dola ya Qin yaiteka Qi, dola pinzani ya mwisho iliyobaki, na mfalme wa Qin ajiita Shi Huangdi, yaani Kaizari wa Kwanza. Hispania, Hasdrubal, kamanda wa Carthage (dola ya Afrika Kaskazini), auawa. Hannibal, kijana wa miaka 26 hivi, ashika jeshi la Carthage.

Michoro ya miambani ya Kondoa usiibane hapo. Ilichorwa kwa karne nyingi, ipe ukanda wake. Bandika mbali na mlango; upepo wa Julai huchana manila.