Mafua ya mtoto hayaishi? Cha kufanya kabla na baada ya kutolewa nyama za pua

Mafua ya kuja na kuondoka kwa mtoto ni kawaida, usihangaike nayo. Sainasi sugu (uvimbe usioisha kwenye vishimo vya hewa vinavyozunguka pua) ni pale kamasi nzito, pua kuziba na kikohozi cha usiku vinapovuka wiki 12 bila kupoa kabisa, kwa hiyo anza kuandika kwenye simu: ilianza lini, anakoroma au la, analala mdomo wazi, ameshapewa antibayotiki zipi. Dokta atakuuliza hayohayo. Ikiwa ni tundu moja tu linatoa uchafu unaonuka, omba aangalie kama kuna kitu humo, shanga, kipande cha sponji, watoto hawa we waache tu. Na jicho likivimba usisubiri kesho, hospitali.

Nyama za pua zenyewe (adenoidi) zipo nyuma ya pua juu ya kaakaa, hata umpanue mdomo huzioni. Zikivimba zinaziba njia na zinafuga bakteria, ndo maana anapona akiwa kwenye dawa afu ikiisha tu ugonjwa huo umerudi. Ila kwa wengi zinaanza kusinyaa zenyewe akifika miaka 7 au 8 hivi, so usikimbilie kisu.

Anza na maji ya chumvi, na hapa ndo watu wengi wanalipua. Chemsha maji yapoe mpaka vuguvugu, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto kwa mililita 240, mtoto ainamie sinki kichwa kikilala upande, apumue kwa mdomo, we sukuma maji taratibu kwa bomba lisilo na sindano kwenye tundu la juu yatokee la chini. Akilia acha, mtarudia. Kama kapewa spreya ya steroidi (dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe) ielekeze upande wa sikio, ukipuliza ukuta wa katikati ya pua utamtoa damu bure, na apulizwe kila siku kwa wiki kadhaa sio siku pua imeziba tu. Moshi wa sigara ndani ya nyumba ukiendelea unajichosha.

Vyote vikigoma ndo operesheni. Ni nusukaputi, wanapitia mdomoni, nje hakuna kovu, inachukua kama nusu saa na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwambie dokta kama kwenye ukoo kuna mtu damu haigandi, kama mtoto ana sikoseli, jino linalocheza au kaamka na homa. Chakula mara nyingi kinakatwa masaa 6 kabla, we fuata walichokwambia na usimwonee huruma hata kwa biskuti moja.

Baada ya hapo mdomo utanuka hata wiki mbili na sauti itabadilika kidogo, usipaniki. Maumivu mpe parasetamoli kwa uzito wake, aspirini hapana. Mchungulie usiku, akiwa anameza meza mate usingizini huenda damu inashuka kooni, washa taa uangalie, na ukiona damu mbichi puani au mdomoni au akitapika damu mrudishe saa hiyohiyo. Kamasi zikirudi miezi ya mbele mpeleke tena, maana nyama huwa zinaota upya kwa baadhi ya watoto, na wengine shida ilikuwa aleji tangu mwanzo.