SOMO: Kukabidhi taka za kliniki kwa mtu wa lori (kwa mnaofanya kazi Marekani)

Habari zenu wadau, hili nimeulizwa sana na watu wanaoanza kazi kwenye kliniki na ofisi za meno, nikaona niliandike mara moja. Kwanza ondoa wazo kwamba kuna sheria moja ya nchi nzima. Ilikuwepo ya majaribio, ilipitishwa 1988 baada ya sindano kuanza kuokotwa kwenye fukwe za New York na New Jersey, ikaisha 1991, tangu hapo kila jimbo lina zake. Serikali ya shirikisho imebaki na usalama wa mfanyakazi (OSHA) na usafirishaji barabarani (DOT), kwa hiyo hata Google ikikupa jibu angalia ni la jimbo gani.

Hatua ya 1: tenganisha palepale ulipo na mgonjwa, usisubiri jioni. Kipimo cha OSHA ni rahisi: ukiiminya hiyo gozi (kitambaa cha kufutia au kufungia kidonda) damu itadondoka? Au ina damu iliyokauka na inaweza kubanduka? Kama ndiyo, mfuko mwekundu. Bandeji yenye kidoa, glavu safi, kikombe cha maji, hizo ni takataka za kawaida, na ukizijaza kwenye mfuko mwekundu bosi analipia bure.

Hatua ya 2: chenye ncha kali chochote kiende sefti boksi (lile boksi gumu la kutupia sindano), usirudishie kifuniko cha sindano, na ikifika robo tatu funga. Hapa ndo watu wanapoumia. Sehemu niliyowahi kufanya kazi mwenzangu alikuwa anashindilia mfuko mwekundu kwa kiganja ili boksi lifunge, kumbe kuna mtu katupia sindano humo, ikapita glavu ikamchoma kidole gumba, miezi mizima ya kupima damu na kukosa usingizi kwa sababu ya uvivu wa mtu mmoja.

Hatua ya 3: kufunga mfuko. Toa hewa taratibu huku uso umegeuzia pembeni, sokota shingo, ipinde kama shingo ya bata, kisha tepu au kamba. Weka kwenye boksi la kampuni inayochukua taka, lenye alama ya hatari ya kibayolojia na namba UN3291 (namba ya usafirishaji ya taka za kliniki). Dawa zilizobaki na taka za kemo (dawa za saratani) haziingii humu, zina njia yake.

Hatua ya 4: hesabu siku unazoruhusiwa kukaa na taka kabla hazijachukuliwa. Florida kwa mfano ni siku 30, na saa inaanza kugonga pale kitu cha kwanza kinapoingia kwenye mfuko mwekundu, ila kwa sefti boksi ni pale unapoifunga. Andika tarehe kwa maka, usitegemee kichwa.

Hatua ya 5: karatasi ya usafirishaji. Dereva anakuja ana haraka, anakupa usaini, na wewe unasaini kama unapokea pizza. Acha!! Sahihi yako inasema umefungasha na kuweka alama kwa sheria za DOT, kwa hiyo anayesaini lazima awe amepata mafunzo, na yanarudiwa kila miaka 3. Hesabu maboksi kwanza, nakala itunze angalau miaka 2, jimbo linaweza kutaka zaidi.

MASWALI

Swali: Kaka, sisi kliniki ndogo tunatoa kimfuko kimoja, siwezi kupeleka na gari langu?
Jibu: Inategemea jimbo mkuu. Florida mzalishaji anaweza kubeba chini ya pauni 25 kwa safari bila kusajiliwa kama msafirishaji. Kwako piga idara ya afya ya jimbo kwanza.

Swali: Mama yangu anajichoma insulini nyumbani, nazo hizo sindano nizilete kazini?
Jibu: Usizilete kienyeji dada, muulize msimamizi kama kliniki inapokea. California imekataza kuzitupa kwenye takataka za nyumbani tangu 2008, kwingine wanaruhusu ukiziweka kwenye chombo kigumu cha plastiki kilichofungwa vizuri.

Swali: Mi dereva kaniambia boksi limevuja hachukui, ana haki?
Jibu: Anayo tena kabisa, akilibeba kosa ni lake pia. Vaa glavu, boksi zima liingize kwenye chombo kingine kikubwa kisichovuja chenye alama ileile, safisha sakafu kwa dawa, asubiri au arudi kesho.

Swali: Na akigoma kurudi?
Jibu: Siku zinahesabika kwako, sio kwake. Piga ofisini kwao leoleo, andika jina la uliyeongea naye na saa.