Mazoezi ya mwili kwa anayeacha unga: hatua kwa hatua

Wapo wanaoamini kwamba kijana anayeacha unga, yaani heroini, akikimbizwa mpaka alowe jasho, sumu itamtoka mwilini na arosto, yaani mateso ya mwili unapoikosa heroini, itakwisha mapema. Imani hiyo si sahihi. Heroini huvunjwa ndani ya mwili, hasa kwenye ini, na mabaki yake hutoka zaidi kwa mkojo. Jasho jingi humkausha tu maji na chumvi katika siku ambazo tayari anatapika na kuharisha. Faida ya mazoezi iko kwingine: hutuliza hamu kwa muda, husaidia usingizi kurudi taratibu, humchangamsha aliyekata tamaa, na hujaza saa ambazo zamani zilikuwa za kutafuta kete ya unga. Mazoezi huenda sambamba na tiba wala hayachukui nafasi yake.

Hatua ya 1: Anzia kwa mhudumu wa afya
Hapa Dodoma tiba ya methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, hutolewa katika kituo cha Itega, kilicho chini ya Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Mhusika aeleze kila anachotumia bila kuficha, hasa pombe na vidonge vya valiamu, kwa sababu mtu aliyevizoea akivikatisha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa. Aliyekuwa akijidunga, akiwa na homa isiyoeleweka au mguu mmoja uliovimba na kuuma, asifanye zoezi lolote mpaka apimwe, maana huenda ana maambukizi kwenye moyo au damu iliyoganda mshipani. Mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe kwanza kifua kikuu.

Hatua ya 2: Siku za arosto, usidai mengi
Dalili huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya kutumia kwa mara ya mwisho, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi hupungua ndani ya siku 10. Katika siku hizo inatosha kunyoosha miguu juu ya mkeka, kuvuta pumzi taratibu, na kuzunguka uani akiweza. Akikataa, mwacheni. La muhimu ni maji: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo.

Hatua ya 3: Kutembea
Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa kwa sababu haina mbwembwe. Aanze na dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Baada ya siku kadhaa aongeze dakika 5, mpaka afikie dakika 30 kwa siku. Jua la Dodoma halina huruma na upepo wa kiangazi hubeba vumbi, hivyo atoke alfajiri au jua linapopungua makali. Juni na Julai avae sweta, kwa kuwa baridi ya asubuhi humkumbusha anayetoka kwenye arosto kutetemeka kwake. Kabla ya kutoka apate uji wa ulezi au uwele, wenye karanga ikiwezekana.

Kwa maoni yangu, njia anayopita ni muhimu kuliko mwendo wake. Isipite karibu na maskani ya zamani, hata ikibidi azunguke mbali. Muda nao upangwe kwa hesabu: ikiwa hamu humshika saa kumi na moja jioni, basi saa kumi na nusu awe tayari barabarani pamoja na mtu anayemwamini.

Hatua ya 4: Nguvu na kundi
Baada ya wiki chache za kutembea bila shida, aongeze pushapu na kuchuchumaa na kuinuka, siku mbili au tatu kwa wiki, kisha ajiunge na kikundi cha jogingi. Timu za chandimu ni nzuri pia, isipokuwa zile zinazomalizia mechi baa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama, Nkuhungu: Mwanangu yuko kwenye methadoni na anatoka jasho sana hata akiwa amekaa. Aache kutembea?

Jibu: Asiache, mama. Jasho jingi ni athari inayojulikana ya methadoni, na choo kigumu pia. Kutembea na kunywa maji humsaidia hilo la pili. Ila asifanye zoezi zito katika saa chache baada ya kunywa dozi, ambapo wengi husinzia. Akihisi moyo kwenda mbio bila mpangilio, au akizimia, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa methadoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kijana, Chang'ombe: Shikamoo mwalimu. Mwili wangu umerudi, nakimbia vizuri. Nikionja mara moja, si nitahimili?

Jibu: Marahaba. Hutahimili. Kukimbia kumeimarisha mapafu na misuli, lakini mazoea ya mwili kwa heroini yamekwisha kushuka, na kiasi kile ulichokuwa ukitumia zamani sasa kinaweza kukusimamisha pumzi. Wengi hufa hivyo, wakiwa wametoka tu kuacha. Hamu ikikubana leo, mwambie mshauri wako leo.

Kaka, Ilazo: Je, anayeacha bangi naye asubiri?

Jibu: Hana haja ya kusubiri. Hukosa usingizi na hamu ya kula, huwa na hasira za haraka, na kwa kawaida hali hiyo hutulia ndani ya wiki mbili hivi. Akiwa hana ugonjwa mwingine, anaweza kuanza kutembea siku ya kwanza.

Kiongozi wa jogingi, Makole: Tukimpokea, tuwaeleze wenzake historia yake?

Jibu: Hapana. Akitaka ataisema mwenyewe. Ninyi mpangieni mtu wa kukimbia naye, na asipoonekana asubuhi mbili mfululizo, huyo mtu aende kwao kumjulia hali.