Kontrola ya feni ya kujitengenezea kwa kabati ya seva na intaneti, namna naifanyaka hapa Goma

Bandugu na badada, watu mingi wananiuliziaka zile kontrola za feni naweka mu makabati ya intaneti (vifaa vinavyopima joto na kupanga mwendo wa feni) zinafanya namna gani, basi leo naandika yote mara moja, mutu akiuliza tena nitamutumia hii tu. Feni nasemea hapa ni zile ndogo za 12 volti za kompyuta, wengi huku tunaitaka vantilateri.

Utaniambia weka feni moja kwa moja ku 12 volti izunguke mbio saa zote, kwisha kazi. Nilifanya hivyo muda mrefu. Kasoro ya kwanza ni vumbi, Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano na ile vumbi nyeusi ya barabara ni mawe yaliyosagwa na matairi, feni ikivuta mbio usiku na mchana inajaza vumbi mpaka ndani ya swichi ya intaneti, na bearing za feni (vyuma inazungukia) zinaanza kulia mapema. Ya pili ni batri. Feni iko na hesabu yake: ukipunguza mwendo nusu, hewa inapunguka nusu, lakini nguvu inayokula inashuka mara nane. Feni nne za 0.3 ampere zinakula wati 14.4 zote pamoja, ukizipeleka nusu mwendo ni kama wati 1.8, sawa hiyo ni hesabu ya karatasi, kwa kweli inazidi kidogo, lakini umeme ukikatika kwa muda wa masaa 10 usiku ni 144 Wh (wati-saa) upande mmoja na 18 upande mwingine. Na batri ya 12 volti 100 Ah yote nzima iko na 1,200 Wh tu, na huwezi kuikamua yote.

Sasa kabla ya kugusa waya shika kitu kimoja, maana michoro mingi ya intaneti inakisahau: kontrola ikikufa, feni lazima ikimbie. Kontrola ikikufa na feni ikasimama, basi uliweka bomu mu kabati ya mutu.

Vitu vya kutafuta. Birere, fasi ya biashara hapa Goma, utapata karibu vyote, ukikosa agiza. Arduino Nano moja (kompyuta kadogo unakokaandikia programu), sensa ya joto DS18B20 ile yenye kichwa cha chuma na waya mrefu, tranzista 2N2222, rezistansi tatu (1k, 4.7k, 10k, ile k ni elfu ya ohm), kabaza kadogo ka 5 volti (kengele ya kulia), fiuzi, na feni za 120 mm zenye waya NNE. Waya tatu hapana, ile inapunguzwa kwa kushusha volti, hiyo ni somo lingine. Ukiweza chukua feni ya ball bearing, inavumilia joto na kulazwa upande wowote.

Hatua ya 1, kujua waya za feni. Usiamini rangi. Feni nyingi ni nyeusi, njano, kijani, buluu, lakini kuna zingine njano ni 12 volti na zingine njano ni ishara ya mwendo, ukichanganya unaunguza. Hesabu ku konekta: pini ya 1 ni masi (hasi), ya 2 ni 12 volti, ya 3 inatoa ishara ya mwendo, ya 4 inapokea amri ya PWM (mapigo ya umeme yanayoiambia mwendo). Jaribu kwanza masi na 12 volti peke yake, pini ya 4 iachie hewani. Feni itazunguka mbio kabisa. Angalia vizuri hapo, watengenezaji wenyewe waliipanga hivyo, bila amri feni inakimbia, na sisi tutatumia hiyo tabia.

Hatua ya 2, tranzista, iko na miguu mitatu: kolekta, emita na besi. Pini ya 4 ya feni inaenda ku kolekta ya 2N2222, emita inaenda masi, na besi inapata amri kutoka pini 9 ya Nano kupitia rezistansi ya 1k. Halafu ile ya 10k unaiweka kati ya besi na masi, na hii ndiyo watu wanaruka wakisema haina kazi. Kazi yake ni hii: Nano ikizima, ikianza upya, ao ikingolewa, pini 9 inabaki inaelea, ile 10k inavuta besi chini, tranzista inafunga, feni inakosa amri, feni inakimbia. Rezistansi moja ya bei ya kipande cha ndizi inakulindia seva. Feni nne unaweza kuzifunga zote ku kolekta moja, hakuna shida. Masi zote ziungane, za Nano, za feni, za alimentasio (kifaa kinacholeta umeme).

Hatua ya 3, sensa. Nyekundu ku 5 volti, nyeusi masi, njano ku pini 4 ya Nano, na 4.7k kati ya njano na 5 volti. Kichwa cha sensa usikiweke mbele ya feni inayoingiza hewa, fasi ile utapima baridi ya nje. Mimi nakiwekaka juu, fasi hewa ya moto inatokea. Waya ya mwendo ya feni moja (pini yake ya 3) peleka ku pini 2 ya Nano, na kabaza ku pini 7.

Hatua ya 4, programu. Feni hizi zinataka amri ya mapigo 25,000 kwa sekunde, analogWrite, amri ya kawaida ya Arduino, iko chini sana, na feni zingine zitalia ao zitazunguka ovyo. Weka hii mu setup, sehemu ya programu inayosomwa mara moja ikianza:

pinMode(9, OUTPUT);
TCCR1A = _BV(COM1A1) | _BV(WGM11);
TCCR1B = _BV(WGM13) | _BV(CS10);
ICR1 = 320;
OCR1A = 0;

Nano iko na mapigo milioni 16 kwa sekunde, gawanya kwa 640 unapata 25,000 kamili. Sababu ya tranzista kila kitu kimegeuka kinyume, OCR1A ikiwa 0 feni inakimbia mia kwa mia, kwa hiyo mwendo unaotaka unauondoa ku 320. Kwa mwendo wa asilimia 30, yaani 96 ya 320, unaandika 224.

Mpango wangu wa joto: chini ya 30 °C feni asilimia 30, kutoka 30 mpaka 42 inapanda polepole, juu ya 42 mbio yote. Chini ya asilimia 30 usishuke, feni zingine zinasimama. Ikianza ipe mbio yote sekunde 2 ndipo upunguze. Na ikipanda usiiache ishuke mpaka joto lipungue digrii 2, bila hiyo utaisikia usiku mzima inapanda inashuka kama mutu anayeota. Mbona 42 na si 50 kama wengine? Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi karibu asilimia 15, feni ileile inabeba joto kidogo kuliko Mombasa.

Sasa niwaambie aibu yangu. Kontrola yangu ya kwanza niliiweka ku kabati moja juu ya jengo huko Katindo, ilifanya kazi vizuri sana, nikajisifu. Siku moja mwenyewe ananipigia, intaneti imekufa. Nafika, kabati inachoma mkono, feni zinazunguka polepole kama zinasinzia. Panya alikuwa amekata waya ya sensa. Na sensa ikikatika ile maktaba ya DallasTemperature (programu ya kusomea sensa) inarudisha -127, programu yangu ikasoma -127, ikasema ah, baridi sana leo, ikapunguza feni. Nililipa swichi kwa pesa yangu. Kwa hiyo andika: kipimo kikiwa chini ya 0 ao juu ya 80, feni mbio yote na kabaza ilie. Ile 85 ambayo sensa inatoaka ikiwashwa vibaya, hiyo haina hatari, tayari inapeleka feni mbio.

Feni inatoa mapigo mawili kwa kila mzunguko, hesabu mapigo ya sekunde moja zidisha kwa 30, hiyo ndiyo mizunguko kwa dakika. Pini 2 iweke INPUT_PULLUP. Ukiamuru mbio na unapata chini ya 500, kabaza ilie.

Weka na watchdog (saa ya kulinda programu), wdt_enable(WDTO_8S), programu ikiganda inajianzisha yenyewe. Ila Nano mingi za bei rahisi ziko na bootloader (programu ndogo ya kuanzishia) ya zamani, watchdog ikipiga zinaganda kabisa na taa yake ndogo inapepesa haraka haraka. Habari njema, hata hapo ile 10k inakimbiza feni. Ukitaka dawa kamili, iandikie bootloader ya Uno, ile Arduino nyingine.

Hatua ya 5, alimentasio, na wenye makabati ya simu wasome mara mbili. Mitambo ya simu iko na 48 volti, lakini CHANYA ndiyo imefungwa ku ardhi, hasi ndiyo ya moto. Batri zikichajiwa inafika kama 54. Ile konvata (kifaa cha kushusha volti) LM2596 ya kawaida mwisho wake ni 40, itapasuka. Na usichukue konvata yoyote isiyotenganisha umeme wa kuingia na wa kutoka, masi ya Nano itakuwa -48 na siku utachomeka kompyuta yako na USB cheche itakusalimia. Nunua konvata iliyotenganishwa, ya kuingia 36 mpaka 72 volti, ya kutoka 12. Fiuzi kabla yake.

Hatua ya 6, kujaribu kabla ya kufunga mlango. Ngoa waya ya sensa, feni ikimbie. Ngoa Nano, feni ikimbie. Feni zikiwa mbio yote, shika ile yenye waya ku pini 2 ya Nano na kipande cha mti, kabaza ilie. Azima mashini ya kukausha nywele ya saluni, pulizia sensa, sikia kama inapanda polepole. Moja ikikataa, rudi nyumbani nayo.

Ya mwisho, bandika karatasi ndani ya mlango na nyingine umuachie zamu (mlinzi), kwa Swahili ya kawaida: ikilia usiku, fungua mlango wa kabati, usizime kitu, piga namba hii. Panya wetu wa Katindo bado wako.